Kitabu Siyo Kiki: Swali la Binti wa Kipili Lililonyamazisha Klabu Nzima

Siku hizi kupiga picha na kitabu ni fasheni. Utamkuta staa, jina kapuni, amekaa kwenye sofa jeupe, kahawa pembeni, kitabu kizito mkononi, kepsheni fupi: "Nawekeza kichwani." Laiki zinamiminika. Ukiikuza picha vizuri unaona alama ya ukurasa ipo mwanzoni kabisa, ukurasa wa tano hivi. Wiki tatu baadaye anaposti tena, kitabu kilekile, sofa lilelile, na alama haijasogea.

Aachwe na maisha yake. Kiki ni kazi kama kazi nyingine, na anayeshika kitabu kwa ajili ya picha hajamkosea mtu. Balaa linaanza pale wanaosoma kweli, tena wanaosomea kazi ya kufundisha watoto wa wenzao, wanaposoma kwa staili hiyohiyo: kurasa zinafunuliwa, akili ipo palepale.

Stori ya leo ipo mbali sana na Masaki na Mikocheni. Ipo Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, kule ambako jioni ya mwezi wa sita mtu anavaa makoti mawili na bado anasogelea jiko la mkaa.

Jumamosi, chai na PDF

Walimu watarajiwa wapatao kumi na wawili, wote wanachuo, walianzisha klabu ya vitabu. Wakaamua riwaya zisubiri kwanza. Wao wangesoma vitabu vinavyogusa kazi yao: kufundisha ni nini hasa, na binadamu anafikirije. Kila Jumamosi jioni wanakutana, chai ya tangawizi kwenye chupa, karanga kwenye bakuli. Kitabu chenyewe cha karatasi kipo kimoja tu, tena cha kuazima. Wengine wanasoma PDF kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, bando linahesabiwa kama dozi.

Mwenyekiti wao ni kaka mmoja noma sana. Anashusha nondo balaa. Amesoma kuliko wote, Kiingereza kinamtii, na akianza kuchambua sura unasahau kama nje kuna baridi. Kila Jumamosi alikuwa anasimama mbele, anaongea saa moja na nusu, wenzake wanaandika kwenye madaftari. Mwishoni anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Makofi. Karanga zinamalizwa, watu wanarudi bwenini.

Klabu ikapata jina pale chuoni. Wasiokuwemo wakawa wanaomba madaftari ya waliokuwemo ili wadese. Yaani hata klabu ya vitabu ikawa na desa lake.

Sasa siku moja wakafika kwa Paulo Freire, yule Mbrazili aliyetupwa jela baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 nchini kwake, akaishi uhamishoni Chile, na huko akaandika kitabu ambacho Kiingereza chake kilitoka 1970 kwa jina la Pedagogy of the Oppressed. Humo Freire anaishambulia aina ya ufundishaji anayoifananisha na benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani anarudisha kilekile alichowekewa. Kwa lugha ya nyumbani, mtoto anafanywa kibubu. Unatumbukiza sarafu, inalia "tii!", unaridhika kwamba imeingia.

Kaka mwenyekiti aliifundisha sura hiyo kwa ufundi mkubwa. Akachora kibubu ubaoni. Wenzake wakakinakili kibubu kwenye madaftari, wengine mpaka na tundu lake.

Ndipo binti mmoja wa Kipili, kule chini ziwani, akanyoosha mkono. Ni mtu wa maneno machache. Akasema taratibu, "Samahani kaka mwenyekiti. Kitabu kinakataza mwanafunzi kufanywa kibubu. Sasa sisi hapa, kila Jumamosi, wewe unaongea na sisi tunaandika. Sisi ni nani?"

Mtu akakohoa. Mwingine akashika kikombe ambacho kilikuwa tupu. Mwenyekiti akatoa kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele za watu, akajibu, "Dada, tumalize sura kwanza. Hayo ya uendeshaji tutayaongea baadaye."

Usiku group likawaka

Baadaye yenyewe ilikuja haraka. Usiku uleule group la WhatsApp likawaka, na watu wakagawanyika kambi mbili.

Kambi ya kwanza ilisema binti amekosa adabu. Kaka anajitolea, anakesha na kitabu, halafu anaaibishwa mbele za watu? Kama anaona ni rahisi, aongoze yeye. Mmoja akaandika kwamba watu wa ziwani midomo yao ina upepo. Utani huo ulikuwa na mwiba ndani, na wengi waliucheka.

Kambi ya pili ilisema swali ni halali, ila angemfuata pembeni. Wachache sana, kama watatu, walisema swali ni halali na lilitakiwa kuulizwa palepale lilipoulizwa.

Ukweli usemwe bila kuzunguka: wale watatu ndio waliokuwa sahihi. Heshima ni jambo kubwa, na huyu dada aliianza kauli yake kwa samahani. Lakini klabu inayosoma kuhusu kufikiri haiwezi kuliogopa swali moja la dakika moja. Na kilichomo hapa kimezidi hisia za mwenyekiti. Watu kumi na wawili hawa, muda si mrefu, kila mmoja atasimama mbele ya chumba kilichojaa watoto. Namna wanavyokaa Jumamosi ndiyo namna watakavyofundisha Jumatatu. Aliyezoea kunakili atawafundisha wenzake kunakili, hata kama kwenye daftari lake kuna kibubu kizuri kilichochorwa kwa rula.

Kalamu ni shilingi ngapi?

Kabla hujaendelea, jaribu hili. Simu usiiguse kutafuta kikokotoo. Daftari na kalamu kwa pamoja vinauzwa shilingi 1,100. Daftari limeizidi kalamu bei kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi?

Kama jibu lililoruka mdomoni ni 100, karibu, umo kwenye chama kikubwa. Kalamu ingekuwa 100, daftari lingekuwa 1,100, na jumla ingefika 1,200. Kalamu ni shilingi 50, daftari ni 1,050.

Swali hili asili yake lina gongo la besiboli na mpira. Lilitoka kwa Shane Frederick, mtafiti wa Marekani, na likajulikana dunia nzima kupitia kitabu cha Daniel Kahneman cha 2011, Thinking, Fast and Slow. Kahneman alikuwa mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Anaeleza kwamba kichwa kina mwendo aina mbili: wa haraka, unaojibu kabla hujamaliza kusikia, na wa taratibu, unaokagua. Wa taratibu ni mvivu. Usipolazimishwa kuamka, unasaini tu kile kilicholetwa na mwenzake. Ameandika kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wa Harvard, MIT na Princeton walilikosa swali hili. Kwa hiyo usijisikie vibaya.

Klabu ya Sumbawanga ilikipitia kitabu hiki wiki chache kabla ya Freire. Unajua ilikuwaje? Mwenyekiti aliandika swali ubaoni, na jibu lake chini yake. Wote wakanakili 50. Hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kukosea. Na utamu wote wa swali hili upo kwenye kukosea: ni pale unaposema 100 kwa kujiamini, unapiga hesabu, unashtuka, ndipo unapokijua kichwa chako. Aliyenakili 50 amepata jibu na amekosa somo.

Kuna la pili ambalo lilipita kimya. Kitabu hicho maarufu kina sura ambayo tafiti zake, zilipojaribiwa upya na wengine, hazikusimama. Mwaka 2017 Kahneman mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikuwa ameziamini kupita kiasi. Mzee wa Nobel anasema, "Hapa niliteleza," halafu kuna mwenyekiti wa klabu asiyetaka kuulizwa kuhusu ratiba! Kitabu kinachofundisha kufikiri kinaombwa kibishiwe. Ukikimeza kama dawa, umekidharau.

Dogo wa ice cream

Wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza ice cream, nafasi kwenye friji inagombewa, yeye akaamua kuingiza maziwa yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yaliyoingia yakiwa yamepoa. Akauliza. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haipo kwingine. Darasa likacheka, na neno hilo likageuka kuwa utani wa shule: kila akikosea kitu, anaambiwa hiyo ni ya Mpemba. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lake lilelile. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akataka jambo lile lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education, na mpaka leo wanasayansi duniani wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Aliyemcheka na aliyemsikiliza wote walikuwa wanajua fizikia. Wote wangeweza kueleza maji yanavyopoa kwa mujibu wa kitabu. Tofauti yao ilikuwa sekunde chache tu, zile kati ya mtoto kumaliza kuuliza na mkubwa kufungua mdomo. Ualimu unaishi kwenye sekunde hizo. Na hakuna chuo kinachoweza kukupa sekunde hizo kwa kukuandikia maelezo ubaoni. Unazipata kwa kuzizoea, kwa kuulizwa na kuuliza, kwa kuchekwa na kuvumilia.

Kubisha kwa heshima kupo

Kambi ya adabu ina hoja moja ambayo haifai kupuuzwa: mtu anambishiaje mkubwa wake bila kumvunjia heshima? Jibu lipo kwenye kitabu kingine kilichokuwa kwenye orodha ya klabu hiyohiyo, Teaching to Transgress cha bell hooks, kilichotoka 1994. Huyu mama Mmarekani mweusi, ambaye jina lake aliliandika kwa herufi ndogo, alimpenda sana Freire. Alikiri kwamba alijifunza kwake. Halafu akamwambia wazi kwamba lugha ya vitabu vyake inamsahau mwanamke. Kwake yeye, mwenye kiu akipewa maji yenye takataka kidogo anaitoa takataka anakunywa. Kumwaga maji yote ni ujinga. Mapenzi na ukosoaji vikakaa kwenye sentensi moja, hakuna aliyekufa.

Mama huyohuyo anasimulia utoto wake Kentucky, kwenye shule za weusi wakati wa ubaguzi, ambako walimu walizijua familia za watoto na walijua kila mtoto ametoka nyumba gani. Alipohamishiwa shule iliyochanganya weupe na weusi, anasema, ule moto ukazimika; kilichotakiwa kikawa utii. Mtu wa Kipili anaelewa habari hiyo haraka. Pale mwalimu anamjua mtoto ni wa mvuvi yupi, mtumbwi wao uko wapi, na kwa nini leo kasinzia darasani.

Na ukitaka ya nyumbani kabisa, yapo. Mwezi Machi 1967 Nyerere, mwalimu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Aliitaka shule ijenge ndani ya mtu akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa kisichomfaa, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Kwenye ukumbi wa Sumbawanga, binti aliyenyoosha mkono alifanya yote matatu kwa sentensi chache. Wenzake wakamwita mkosefu wa adabu.

Miaka hiyohiyo, pale Mlimani Dar es Salaam, wanafunzi wa kundi la USARF walikuwa wanakutana kusoma na kubishana vitabu vigumu. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Mhadhiri wao wa historia, Walter Rodney kutoka Guyana, aliandika humo, na mwanafunzi Issa Shivji alichapisha humo uchambuzi wake wa matabaka Tanzania. Mwaka 1970 jarida na kundi vyote vikapigwa marufuku. Unaweza kukubaliana nao au kuwakataa, hiyo ni hiari yako. Lakini hakuna anayeweza kusema wale walikuwa wanadesa. Walisoma kiasi kwamba kusoma kwao kuliwasumbua wakubwa. Freire mwenyewe alifika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakuta mji unaobishana.

"Rahisi kusema, darasa lina watoto themanini"

Hapa ndipo wadau wa ualimu wanapokunja uso, na wana haki. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, watoto wamejaa madarasani. Mtaala wa umahiri ulifika sekondari tangu 2005, na mitaala mipya ilianza kutekelezwa 2024. Karatasi zote zinasema mtoto awe kitovu cha somo. Mtihani wa mwisho nao bado upo pale umekodoa macho. Mwalimu akitumia dakika ishirini kwenye swali moja la mtoto, mada haiishi, na matokeo yakitoka anaulizwa yeye.

Hoja hiyo ni nzito. Ila isikilize vizuri: ni sababu ya mwalimu kujifunza kuuliza vizuri zaidi akiwa chuoni. Swali moja zuri lililoulizwa kwa wakati linaokoa vipindi vitatu vya kurudia kitu ambacho watoto walinakili bila kukielewa. Ukifika darasani hujawahi kuongoza mabishano ya watu kumi na wawili wenye chai mkononi, utawezaje ya watoto themanini?

Hoja nyingine ni lugha. Vitabu vyote vile ni vya Kiingereza, na wengi pale klabuni walikuwa wanaishia kwenye desa la mwenyekiti kwa sababu hiyo tu. Hawakutaka kusema. Aibu ya Kiingereza imenyamazisha watu wengi nchi hii kuliko fimbo. Lakini hawa wanakwenda kufundisha shule za msingi, kwa Kiswahili. Wazo ambalo huwezi kulisema kwa Kiswahili likaeleweka na mtoto wa darasa la nne halijawa lako bado. Mwaka 1963 Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare; kama Kirumi cha Mwingereza kiliingia kwenye Kiswahili, kibubu cha Freire hakishindikani. Tena mtu mwenye Kiingereza kidogo akiuliza, "Hapa ana maana gani?", analazimisha wenye Kiingereza kingi waonyeshe kama wameelewa au wanakariri tu kwa lafudhi nzuri.

Tuta la Kifipa

Wapo pia wanaouliza faida iko wapi. Unasoma kitabu kurasa mia nne, unabishana, unakula karanga, halafu? Mshahara unapanda?

Mkulima wa Ufipa ana jibu la siku nyingi. Kwenye matuta ya jadi ya kule, majani hayachomwi. Yanakusanywa, yanafukiwa ndani ya tuta la udongo, yanaachwa yaoze. Maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta linavunjwa, udongo uliorutubika unasambazwa, mahindi au ulezi unaota. Mgeni anayepita siku ya kwanza anaona vichuguu tu vya udongo, anasema watu hawa wanapoteza muda.

Kusoma kwa kubishana ni majani yaliyofukiwa. Desa ni majani yaliyochomwa: moto mkubwa, picha nzuri, kesho majivu yanapeperushwa.

Mwezi, karabai na dagaa

Turudi kwa binti. Wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, alipangiwa shule moja ya mwambao wa Tanganyika, upande wa kwao. Kutoka Sumbawanga unapita Namanyere, unaanza kushuka, joto linakupokea, ziwa linafunguka mbele yako. Kijiji kina harufu ya dagaa waliotandazwa kwenye mchanga.

Siku moja alikuwa na kipindi cha sayansi, mada ni mwanga. Amejiandaa, zana zipo, muda unakimbia, mkaguzi wa chuo anaweza kutokea wakati wowote. Katikati ya somo mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini mwezi ukiwaka sana baba haendi ziwani?"

Darasa likacheka. Na yeye, binti yuleyule wa swali la Sumbawanga, akajibu bila kufikiri, "Kaa chini. Hilo halimo kwenye somo."

Mtoto akakaa. Kipindi kikaisha vizuri. Watoto walinakili kila kitu.

Inaelezwa kwamba usiku ule hakulala. Alijiona amekuwa mwenyekiti. Alijiona amekuwa yule aliyesema fizikia ya Mpemba. Na swali lenyewe, akilitafakari, lilikuwa ndani ya somo kuliko yote aliyoyaandika ubaoni. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua. Taa inawavuta kwenye giza, wanakusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikitapakaa ziwa zima, taa ya mtumbwi inakosa nguvu, samaki hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Mwanga, giza, chanzo cha mwanga, vyote vimo. Mtoto alikuwa ameleta zana ya kufundishia bure, akaambiwa akae nayo.

Asubuhi akaingia darasani, akamwita kwa jina, akasema, "Jana uliuliza swali zuri, mimi nikakosea kulikatisha. Liulize tena." Kisha akakaa kimya. Watoto ambao wazazi wao wanaishi kwa ziwa wakaanza kuelezana. Mmoja akasema samaki wanaogopa mwezi. Mwingine akabisha. Wa tatu, ambaye ni nadra kusikika, akasema labda taa inashindwa kwa sababu kote kumeshakuwa na mwanga. Mwalimu hakutoa jibu mpaka dakika ya mwisho.

Aliporudi Sumbawanga aliisimulia klabu yote hayo, pamoja na lile la "kaa chini". Alilisema kwanza. Na hapo ndipo kaka mwenyekiti naye akafunguka kwamba alikuwa anakesha mpaka saa nane usiku akiandaa maelezo kwa sababu moja: aliogopa kuulizwa kitu asichokijua mbele za watu. Saa moja na nusu ya kuongea ilikuwa ukuta wake. Kumbe wote walikuwa na hofu moja, mmoja aliificha kwa kuongea, wengine kwa kunyamaza.

Siku hizi hakuna anayesimama mbele. Kila mmoja anakuja na swali moja na jambo moja analolikataa kwenye kitabu. Mwenyekiti amekaa kwenye kiti kama wengine, na zamu ya kuongoza inazunguka. Sura moja wakati mwingine inachukua Jumamosi tatu. Waliokuwa wanakuja kuomba madaftari wamelalamika kwamba klabu imeharibika, hakuna tena cha kudesa.

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo klabu ya vitabu inaweza kupata.

Kwa hiyo ukimwona staa na kitabu kwenye sofa jeupe, mwachie laiki yake, haina kesi. Ila ukimwona mwalimu mtarajiwa na kitabu, mwulize kitu kimoja tu: "Umekataa nini humo?" Akikosa jibu, mpe muda. Akikujibu kwa hasira, mwombee watoto watakaokaa mbele yake.

Na wewe mdau: ni swali gani uliwahi kuuliza darasani ukaambiwa "kaa chini"? Liandike hapo kwenye komenti. Huenda yupo mwalimu anasoma hapa ambaye kesho ana kipindi.